Sahani ya Mtu Mmoja

Kosa langu kubwa la kwanza jikoni lilikuwa kuamini kwamba ndagala si nyama.

Naanza na hilo kwa sababu ninyi mnaobaki na majiko pale Muyinga mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, na najua mlitarajia nianze na brosheti za mbuzi, ile mishikaki yetu. Brosheti mnazijua. Najua pia mtasoma haya mkicheka kwamba mtu ambaye hajafika hata miaka arobaini anajiita mstaafu. Chekeni. Kifua changu kimestaafu kabla yangu. Daktari alisema moshi wa makaa sasa basi, nami nikatii papo hapo, jambo ambalo Mama Spesi, bosi wetu, anasema ni la kwanza nililowahi kufanya bila kuuliza mara tatu.

Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Wazazi wangu waliporudi Makebuko kulima shamba la babu, mimi nilikuwa kijana niliyejua Kiswahili kizuri na sikujua kushika jembe. Baba alinivumilia msimu mmoja wa maharage. Msimu wa pili akanitafutia kazi mjini Gitega, mtaa wa Musinzira, katika nyumba ya wageni ya Bwana Amirali, mfanyabiashara Mhindi mwenye duka la masufuria. Sikusomea upishi popote. Nilijifunza kwa kunusa, kwa kuunguza, na kwa kutazama video za simu bila sauti, maana spika ya simu yangu ilikuwa imekufa. Ndiyo maana mpaka leo naijua mikono ya wapishi wengi wa dunia na sijui hata neno moja walilosema.

Mkuu wa jiko alikuwa Mama Spesi. Ninyi mnamjua akiwa mwenye mgahawa, ameketi mlangoni na kitambaa chake begani. Wakati ule alikuwa mwajiriwa kama mimi, na kitambaa kilikuwa kilekile. Siku yangu ya kwanza alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"We Mtanzania, kitunguu unajua kukikata ao unajua kukizungumzia tu?"

Nilikata. Nilikata vipande vilivyolingana kiasi kwamba nilitumia asubuhi nzima kwa ndoo moja. Alikuja, akachota vipande mkononi, akavitazama kwenye mwanga wa mlango.

"Bon. Vizuri sana. Vimefanana kama watoto wa shule. Sasa wageni wamekwenda zao, utavila weye."

Huo ndio ugonjwa wangu, na siufichi. Naogopa kukosea. Niliweza kufunua sufuria moja mara kumi kuhakikisha kwamba chumvi niliyoitia bado imo. Mama Spesi alikuwa akipita nyuma yangu akisema, "Chumvi haitoroki, Fidele. Funika." Mtu mwenye hofu ya namna hii hafai kupika wali, maana wali haupendi kufunuliwa. Lakini anafaa sana kwa mboga, na mboga ndiyo iliyonipa heshima mwishoni, baada ya kuniaibisha kwanza.

Chombo kikuu cha Mama Spesi kilikuwa kinu cha mti mzito, alichopewa na mama yake. Humo alitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, kile ambacho Tanzania tulikiita kisamvu. Humo humo alitwanga karanga, na humo humo alisaga ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, mpaka wakawa unga. Unga huo ulikuwa siri yake ambayo kila mtu aliijua. Kijiko kimoja kwenye sombe, kimoja kwenye lengalenga, ule mchicha wetu, nusu kwenye maharage. Hakuna aliyeuhesabu kuwa chakula. Ulikuwa kama chumvi.

Basi akaja Bwana Mukesh. Alikuwa fundi wa mashine kutoka Dar es Salaam, rafiki wa Bwana Amirali, aliyekuja kufunga kinu cha kukamua mafuta. Bwana Amirali ni Mwislamu, anakula nyama vizuri tu, lakini alikuja mwenyewe mpaka mlango wa jikoni kutuambia habari za mgeni wake.

"Huyu hali nyama kabisa. Hata kuku. Mnasikia? Hata kuku."

Mama Spesi alikuwa amekwenda mazishini Nyarusange. Nilikuwa peke yangu, na nilifurahi kuwa peke yangu. Niliifikiria sombe ile kama mtihani. Nilitwanga, nikachemsha, nikatia karanga, mawese, bilinganya chungu, pilipili moja nzima bila kuipasua. Na kwa kuwa nilitaka iwe bora kuliko zote, sikutia kijiko kimoja cha unga wa ndagala. Nilitia viwili.

Bwana Mukesh alikula akaongeza. Alifuta sahani kwa ugali. Akaniita mezani, jambo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kunifanyia.

"Kijana, nimekula majani haya sehemu nyingi. Haya yana kitu. Umetia nini?"

Nami, ninayeandika haya masikio yakiwa bado yana moto, nilisimama wima kama mwanafunzi bora na kujibu, "Ni ndagala, bwana. Nimewasaga mwenyewe."

Hakupiga kelele. Aliweka kijiko chini taratibu, akainuka, akaenda bombani uani, akasukutua kinywa kwa muda mrefu. Bwana Amirali alifunika uso kwa mikono miwili. Mimi nilisema, na nawaomba msiwahi kusema hivi kwa mgeni yeyote, "Lakini bwana, ni wadogo sana."

Nilidhani nimefukuzwa. Nilikuwa tayari nimekunja aproni. Bwana Mukesh alirudi uso umelowa maji, akaketi, akavuta kiti kingine.

"Keti hapo. Nitakaa hapa mpaka mashine igeuke, na sitaki kula mikate siku zote. Usiniulize kama nakula hiki au kile. Niambie kila ulichotia. Mimi nitajijua."

Hilo nililichukua, na naomba nanyi mlichukue. Mgeni ukimwuliza, "Unakula samaki?" atajibu swali lako tu. Ukimtajia vilivyomo, atajibu na yale usiyoyafikiria.

Siku iliyofuata nilipika sombe nyingine bila ndagala hata mmoja. Nikapeleka huku nikitaja kila kitu kama anayetoa ushahidi. Alinusa. "Samaki," alisema. Niliapa kwa mama yangu. Alinusa tena, akacheka kidogo, akasema hakuna haja ya kumwingiza mama.

Mama Spesi, aliyekuwa amerudi kutoka mazishini, ndiye aliyetatua. Aliinamisha kichwa ndani ya kinu chake mpaka mabega, akatoka na kusema, "Iko humu. Ndagala iko inakaa humu kuliko mi."

Kinu cha mti hakisahau. Unaweza kukisugua kwa majivu, kukianika, kukimwagia maji ya moto, bado kitakumbuka kila samaki aliyepita humo. Nilinunua kinu kingine kipya sokoni Makebuko, nikakitia alama kwa msumari wa moto, nikawakataza watu wote hata kukiegemea. Mama Spesi alikiita "mchumba wa Fidele". Akipita alikisalimia kwa adabu, "Amakuru, shemeji?"

Tangu hapo nilimpikia Bwana Mukesh vizuri. Maharage yenye bizari aliyonipa mwenyewe kutoka mfukoni mwake, viazi vya kukaanga na lengalenga, ndizi mbichi za kuchemsha na karanga. Nilimwekea meza yake kando ya dirisha, sahani yake nyeupe yenye kifuniko, kijiko chake. Alipenda hivyo. Alisema hapo anakula moyo ukiwa umetulia, mbali na mifupa ya wengine. Alipoondoka alinishika mkono na kusema nimekuwa mpishi. Nililiamini neno hilo kupita kiasi. Nikajiwekea kanuni: mgeni asiyekula nyama hupewa meza yake, sahani yake, kifuniko chake. Niliishika kama amri, na kwa miaka kadhaa haikuniangusha.

Baadaye Mama Spesi akarudi kwao Muyinga kufungua mgahawa, nami nikamfuata na kinu changu juu ya gari la mizigo. Mengine ya miaka ile mnayajua, au mmesimuliwa zaidi ya yalivyokuwa. Brosheti zetu zikapata jina. Watu wa sokoni walikuja, madereva walikuja, na mimi, mtu wa mboga, nikajikuta ninasifiwa kwa mbuzi. Sikulalamika. Nakula mbuzi mwenyewe, tena mbavu.

Sasa nafika kwenye siku ninayoikumbuka kuliko zote.

Mama Spesi alimlea binti yake Diane peke yake, tangu mumewe alipofariki Diane akiwa mdogo. Alimlea jikoni, kati ya magunia ya makaa. Kulikuwa na watu, hata ndani ya ukoo, waliomwita "binti wa jikoni" na kusema hakuna nyumba nzuri itakayokuja kumwomba. Halafu kijana wa Gitega, Klaveri, mwalimu, akatuma neno kwamba watu wake watakuja kuposa. Mama Spesi alisafisha mgahawa mzima siku hiyo, hata upande wa nyuma wa mlango.

Tulikuwa tumeshanunua mbuzi na ndizi na vinywaji. Kesho yake wageni wanakuja. Diane akatokea jikoni na simu mkononi, uso umebadilika.

"Mama. Klaveri anasema msemaji wao ni baba yake mkubwa, Mzee Salvatori. Na anasema... anasema baba mkubwa hali nyama. Wala samaki. Alisahau kuniambia."

"Alisahau?" Mama Spesi aliweka kisu chini. "Mtu anasahau mwavuli. Baba mkubwa unamsahau namna gani?"

"Alikuwa mchungaji wa ng'ombe kule Nyarusange, Mama. Kila ng'ombe alimpa jina. Siku moja kwenye karamu wakamletea nyama, akauliza ni ng'ombe gani, na mtu mmoja mjinga akamtajia. Tangu siku ile basi."

Mama Spesi alifikiri. "Mwambie Klaveri mbuzi wetu hana jina."

"Mama!"

Alicheka, lakini akaacha haraka. Wote tulijua kilichokuwa hatarini. Msemaji wa wageni ndiye anayefungua chakula. Yeye asipotia mkono, hakuna wa upande wake atakayetia. Na wageni wakirudi kwao bila kula, hata kama maneno yote yalikuwa asali, wamekataa nyumba. Wale waliosema "binti wa jikoni" wangekuwa wameketi palepale wakitazama, na jiko lenyewe ndilo lingekuwa limemwangusha.

"Niachieni mimi," nilisema. "Huyu ni mgeni wangu. Ninamjua mgeni wa namna hii."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu asiye na hofu. Ndani nilikuwa naogopa kama siku ya vitunguu.

Nikafanya kazi. Nilitwanga sombe kwenye kinu changu. Nilipata uyoga mbichi kwa mama mmoja wa sokoni, nikaukausha kidogo juu ya makaa ili upate ladha ya kuchoma, nikaupika kwa vitunguu na nyanya. Nikachoma bilinganya, nikaziponda na karanga. Nilimwonjesha Diane mpaka akasema, "Kaka Fidele, ukiniletea kijiko kingine sitaolewa, nitazaa uyoga." Nilitafuta sahani nyeupe kubwa na kifuniko chake. Nilipanga vitu vitatu juu yake kwa nafasi sawa. Nikasogeza uyoga. Nikaurudisha.

Huku nyuma, uani, shangazi Goreti, dada wa Mama Spesi, aliwasha kuni na kubandika sufuria kubwa ya maharage na ndizi kwa ajili yetu sisi wafanyakazi na majirani waliokuja kusaidia. Mbuzi alikuwa wa wageni. Hakuna aliyetuonea, ndivyo ilivyo.

Wageni walifika na jua zuri. Waliketi upande wao chini ya turubai, sisi upande wetu. Mzee Salvatori alikuwa mrefu, kofia pana, fimbo ya kichungaji mkononi japokuwa alikuja kwa gari. Waliongea Kirundi kile cha siku za kuomba, kinachozunguka kilima chote kabla ya kugusa mlango. Mzee alisema wamepotelewa na ndama. Msemaji wetu akasema hapa hatujaona ndama, tumeona wanaume wenye njaa. Vicheko. Vinywaji vikaja, na msemaji wetu, kwa niaba ya nyumba, akasogongera, yaani akaonja kwanza mwenyewe mbele ya wageni kabla ya kuwapa, kama desturi ilivyo, ili kila mtu ajue kilicho kikombeni ni kinywaji tu, hakuna sumu. Mambo yalikwenda vizuri mno. Mimi nilikuwa nachungulia kwenye pazia nikijiambia kwamba mambo yakienda vizuri hivi mwenye kuyaharibu atakuwa mimi.

Masinia ya mbuzi na ndizi yakatoka, kila sinia kwa watu kadhaa. Nami nikatoka na sahani yangu nyeupe iliyofunikwa. Nilipita katikati ya turubai, nikainama mbele ya Mzee Salvatori, nikaiweka juu ya kiti kidogo nilichoandaa, nikafunua.

Alitazama sahani. Akatazama masinia. Akanitazama mimi.

"Hii iko ya nani?"

"Ni yako, mzee. Haina nyama, haina samaki. Ina sombe, karanga, mawese, uyoga, vitunguu, nyanya, chumvi, bilinganya." Nilitaja vyote, kama Bwana Mukesh alivyonifundisha.

"Na hawa ndugu zangu?"

"Wao wana mbuzi, mzee."

"Ehe." Aliegemea fimbo. "Donc tumekuja wote kwa gari moja, na mi peke yangu nimefika hospitali."

Upande wetu walicheka. Upande wake walicheka kidogo wakaacha. Mama mmoja wa kwao alimnong'oneza mwenzake, akitazama ile sahani. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kwetu chakula ni cha kuchangia. Sahani iliyotoka jikoni imefunikwa, ya mtu mmoja tu, ambayo hakuna mwingine anayetia mkono, inaleta mawazo ambayo hakuna mtu mwenye adabu anayeyasema kwa sauti. Bwana Mukesh alipenda meza yake kwa sababu alitaka kuwa mbali na mifupa yetu. Mzee Salvatori alikuja kutafuta undugu, nami nikamtenga mbele ya watu wake wote.

Nilipaswa kuonja mwenyewe palepale. Kuonja kijiko kimoja tu. Lakini nilisimama pale nimeinama, nikifikiria kama uyoga umepoa.

Hakuna aliyetia mkono kwenye masinia. Wote wa upande wa Gitega walimtazama mzee. Mbuzi alikuwa anatoa moshi bure. Nilimwona shemeji mmoja wa Mama Spesi, mmoja wa wale wa "binti wa jikoni", akiangalia chini na kutabasamu.

Siku hiyo mama wa binti hukaa ndani na wanawake mpaka aitwe. Mama Spesi hakuitwa. Pazia lilifunguka akatoka na kitambaa chake begani, juu ya nguo ya sherehe, akaketi chini kwenye mkeka mbele ya mzee, akanawa mikono kwa maji ya chupa, akatia vidole kwenye sahani. Hakuonja. Alikula. Tonge la sombe, tonge la uyoga, bilinganya, tena uyoga.

"Mzee Salvatori," alisema mdomo umejaa, "mi nikianguka hapa ujue iko njaa. Tangu jana sijakula kwa ajili yenu."

Kicheko kilichotoka upande wa Gitega sasa kilikuwa kizima. Mzee alivua kofia.

"Mwenye nyumba, umenifungua. Lakini mi siwezi kula mbele ya ndugu zangu kitu ambacho wao hawajui utamu wake. Wachunga ng'ombe hatunywi maziwa tumewageuzia watu mgongo."

Akachota kidogo, akaisifu sombe kwa sauti, akampa sahani jirani yake. Jirani akachota, akampa mwingine. Ilizunguka. Niliifuata kwa macho. Kila mtu alikuwa na adabu, kila mtu alichukua kidogo tu, na sahani ile iliyokuwa ya mtu mmoja ilimaliza mzunguko na kurudi kwa Mzee Salvatori ikiwa nyeupe kabisa.

Aliitazama. "Ndugu zangu mna upendo," alisema. "Mmeniachia kifuniko."

Watu walianguka kwa kucheka. Mimi sikucheka. Mgeni mkuu alikuwa na njaa na sikuwa na kitu kingine. Uyoga umekwisha. Sombe imekwisha, maana niliipima kwa sahani moja. Nilimwinamia Mama Spesi na kumwambia sikioni kwamba hakuna kitu.

"Iko sufuria ya nje," alisema.

"Mama, ile ni ya wafanyakazi. Ni maharage."

"Fidele. Maharage hayajui iko ya nani. Leta yote. Na sufuria yake."

Tuliibeba wawili, mimi na shangazi Goreti, nyeusi ya moshi pande zote, tukaiweka katikati ya turubai kwenye majani ya migomba. Maharage na ndizi, mvuke wake ukapanda. Na hapo, badala ya kujifanya ninajua, nilifanya jambo ambalo sijawahi kulijutia. Nilimgeukia shangazi Goreti mbele ya watu wote.

"Shangazi, umetia nini humu?"

"Mimi?" Alishtuka. "Maharage."

"Na nini?"

"Ndizi. Kitunguu. Mawese. Chumvi."

"Ndagala?"

"Wa kuwapa wafanyakazi? Spesi amenificha ndagala wote!"

"Umetwanga kitu kwenye kinu cha Mama Spesi?"

"Fidele, nimetwanga nini, maharage?"

"Mwiko ulitoka wapi?"

"Yoo! Mwiko nilitoka nao nyumbani, na nyumbani leo ni siku ya tatu tunakula viazi!"

Mzee Salvatori alikuwa ameshika mbavu. "Muache, kijana, muache! Huyu mpishi anamhoji mtu kama polisi wa mpakani." Kisha akasema taratibu, kwangu peke yangu, "Asante."

Nilichota, nikala mbele yake. Kijiko kilichojaa, si cha kuonja. Yalikuwa matamu. Yalikuwa na ule utamu wa sufuria kubwa ya kuni ambao sikuweza kuutoa kwenye sahani nyeupe hata kwa uyoga wote wa Muyinga. Nikamkabidhi mzee kijiko, akatia mkono wake mwenyewe badala yake, na alipotia yeye wakatia wote. Walisogea, wakavunja zile safu mbili za viti, upande wao na upande wetu wakachanganyika kuizunguka sufuria. Yule shemeji aliyekuwa akitabasamu chini alijikuta amebanwa kati ya akina mama wawili wa Gitega wakimsukumia ndizi. Mbuzi naye aliliwa, baadaye, na waliomtaka, kwenye masinia yaliyowekwa pembeni.

Diane alikuwa dirishani. Nilimwona ameshika pazia kwa mikono miwili kama mtu anayezuia gari.

Mzee Salvatori aliongeza mara ngapi sitasema, kwa heshima yake. Mwishoni aliinuka, akajifuta mkono, akavaa kofia.

"Tulisema tumepotelewa na ndama," alisema. "Tulidanganya. Tumekuja kumwomba Diane, binti wa jiko hili. Nyumba inayokula na mgeni wake sufuria moja hatuiachi. Mkitunyima binti tutalala hapahapa, na mimi nimeona maharage bado yako."

"Yamekwisha!" alisema shangazi Goreti.

"Basi tupeni binti haraka."

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka sokoni. Mama Spesi alivuta kitambaa begani akajifunika uso nacho, na alipokifunua alikuwa analia na kucheka na kuniamuru nilete kahawa, vyote kwa pamoja.

Sitawadanganya kwamba hofu iliniacha siku ile. Bado nafunua sufuria. Lakini nilijua tangu hapo kwamba kosa la ndagala na kosa la sahani nyeupe ni kosa moja: mara zote mbili nilitaka kuonekana mpishi mzuri, nikasahau kumtazama aliyekaa mbele yangu. Mmoja alitaka kujua kilichomo. Mwingine alitaka kula na wenzake. Hakuna kati yao aliyetaka usanii wangu.

Diane na Klaveri wanaishi Gitega sasa. Mzee Salvatori akipita Muyinga huingia jikoni moja kwa moja bila kuketi mezani, jambo ambalo nimewaambia ninyi mmruhusu yeye na si mwingine. Kinu changu nimewaachia. Mimi nimerudi Makebuko kulima lengalenga na bilinganya chungu, na baba yangu anasema nimechelewa msimu mmoja tu wa miaka kumi na tano.

Zamani kwenye mgahawa wetu mbuzi alijaza sufuria kubwa, na asiyekula nyama alitafutiwa kisahani. Siku hizi sufuria kubwa haina nyama wala ndagala, kila mtu anachota humo, na mbuzi ndiye anayekaa pembeni kwenye sahani yake.